Hodi kwa Kilicholala

Dishon Mulongo hakuwa na gari. Hakuwa na shahada, hakuwa na tai, wala hakuwa na ndevu za kutosha kumfanya mtu mzima amsikilize mara mbili. Hakuwa na mjomba wizarani wala shangazi ng'ambo. Hakuwa na kitanda, maana kile alicholalia katika chumba chao cha Kaloleni kilikuwa cha Opicho kinyozi, na Opicho hakuchoka kumkumbusha. Hakuwa na baba. Marehemu alizikwa Webuye wakati Dishon angali anavaa kaptura. Hakuwa na maneno pia. Mbele ya wazee ulimi wake uligeuka ukuni. Na Jumamosi hiyo mchana, alipoitwa nyumbani kwa Mzee Omolo kujibu mashtaka, hakuwa hata na viatu.

"Viatu vyako viko wapi?" Opicho aliuliza, mashine ya kunyolea mkononi.

"Soli zimeondoka."

"Zimeenda wapi?"

"Opicho, tafadhali."

"Msee, unaenda kwa baba ya Truphena na sandali? Kwani unaenda kuoga?" Opicho akainama chini ya kitanda, akatoa viatu vyake vyeusi vya harusi na misiba. "Vaa. Vinabana kidogo."

Vilibana sana. Dishon alitoka nje akitembea kama mtu anayekanyaga mayai, kompyuta yake ndogo kwapani.

Lakini usimwonee huruma mapema. Kijana huyu alikuwa na vitu viwili ambavyo wenye magari wengi hawana. Cha kwanza ni mkono wake. Mpe kalamu na kipande chochote cha karatasi, na baada ya muda mfupi kingekutazama kitu ambacho hukujua kwamba umewahi kukiogopa. Cha pili ni Truphena.

Truphena Omolo alifundisha chekechea kule Pumwani, na macho yake yalikuwa na tabia ya kucheka kabla mdomo haujapata habari. Walikutana katika maktaba ya mtaa. Dishon alikuwa akichora pembeni, mgongo amewapa watu, akasikia sauti nyuma ya bega lake.

"Hiki kitu hakina mdomo. Kinasemaje?"

"Hakisemi," Dishon alijibu, masikio yakiwaka moto.

"Basi nitakisemea mimi," msichana akasema, akavuta kiti na kuketi.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo wao, *Chini ya Gikomba*. Haukuwa mchezo wa kupiga mpira wala wa kufyatua risasi. Ulikuwa hadithi ya kusomwa kwenye kioo cha kompyuta au simu: picha inatokea, muziki unalia polepole, maneno yanajiandika chini ya picha, na hadithi ikifika njia panda msomaji anachagua mhusika afanye nini. Dishon alichora, Truphena akaandika. Mhusika mkuu alikuwa karani wa reli wa zamani aliyetumwa kusimamia uchimbaji wa msingi wa ghala pale sokoni Gikomba, akakuta mlango wa jiwe chini ya udongo mweusi. Nyuma ya mlango kuna kitu. Si jini, si mzuka, si mchawi. Ni kitu kilicholala huko tangu kabla ya mto kupata maji, kikubwa kiasi kwamba binadamu kwake ni kama vumbi kwenye kope. Hakimchukii mtu. Hakimjui mtu.

Truphena alikuwa amesoma hadithi nyingi za kale za namna hiyo, za mabwana wa nchi za baridi wanaorukwa na akili kwa kuona vitu vilivyotoka nyuma ya nyota. "Mbona vitu hivi haviji kwetu?" alimuuliza Dishon siku moja, macho yakicheka. "Mitaa yetu ya Eastlands haina nafasi ya kulala?"

Siku hiyo Dishon aliacha kupenda picha zake tu, akaanza kumpenda na mwandishi wake.

Balaa lilianzia kwenye sauti. Kitu kile kilihitaji mngurumo wa kukifanya kiaminike, na Dishon alijaribu kila alichoweza: alikwaruza sufuria, akapuliza chupa, akamrekodi Opicho akikoroma. Havikufaa. Kisha jioni moja akapita kando ya ukumbi wa mtaa, na ndani kwaya ya kanisa ilikuwa ikifanya mazoezi. Akasimama dirishani. Akasikiliza. Akatoa simu yake, akarekodi. Nyumbani aliugeuza wimbo ule uimbwe kinyumenyume, akaupunguza mwendo, na zile sauti zikatoka kama umati unaoamka ndani ya kisima.

"Umeipata wapi?" Truphena alimuuliza alipoisikia, nywele zikimsimama.

"Nimeitengeneza."

Hakusema uongo. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba hakusema kweli.

Wakaiweka sehemu ya kwanza ya mchezo kwenye intaneti, asome atakaye. Watu wakausoma, wakasifu, wakalalamika kwamba hawawezi kulala. Mmoja wa waliousoma alikuwa Celine, mwimba soprano wa kwaya ile, aliyeufungua kwenye simu akiwa saluni akisubiri nywele zikauke. Alipofika penye mlango wa jiwe, kitu kikanguruma, na katikati ya mngurumo Celine akasikia mtu akikohoa. Akakijua kile kikohozi. Kikohozi hata ukikigeuza bado ni kikohozi, na hicho kilikuwa chake mwenyewe.

Akaipeleka sauti kwa fundi wa simu, ikageuzwa ikae sawa. Ikatoka kwaya nzima, pamoja na mwalimu wa kwaya akifoka, "Besi, amkeni! Mnalala!"

Mwalimu wa kwaya alikuwa Mzee Omolo, mstaafu wa reli, baba yake Truphena. Na majina ya Dishon na Truphena yalikuwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo.

Hukumu ilitolewa hata kabla ya kesi. Kule Kendu Bay, mbali ziwani, shangazi yake Truphena alikuwa amemtafutia kazi katika shule ya jirani, na kwa miezi mingi Truphena alikuwa akisema atafikiria. Sasa Mzee Omolo alisema muda wa kufikiria umekwisha. Jumatatu binti angepanda gari. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, angemsikiliza kijana kwanza.

*

Truphena alikuwa akimsubiri kwenye bomba la maji, mita chache kutoka mlangoni kwao. Macho yake hayakucheka.

"Uliniambia umeitengeneza."

"Niliitengeneza."

"Dishon."

"Niliigeuza," akasema kwa sauti ndogo. "Kuigeuza pia ni kazi."

"Sauti ya baba yangu! Umechukua sauti ya baba yangu mzazi ukaiweka kooni mwa dude lisilo na mdomo, na mimi nikakaa nikaliandikia maneno! Unajua jana ameniambia nini? Amesema, 'Nyathina, mwanangu, nimekulea nikakusomesha, na leo nanguruma chini ya Gikomba.'"

Dishon alijitahidi asicheke. Truphena naye alijitahidi. Midomo yao ilitetemeka, kisha Truphena akakumbuka Kendu Bay na uso wake ukaanguka.

"Usinichekeshe. Nimekasirika kweli. Kama ungeniuliza, ningekwenda mimi mwenyewe kuwaomba."

"Niliogopa watakataa."

"Na mimi je? Uliniogopa mimi?"

Dishon aliangalia viatu vya Opicho. Truphena akamshika mkono wa shati, akamvuta kuelekea nyumbani kama anavyowavuta watoto wa chekechea wasiotaka kunawa.

"Njoo. Ukiongea, ongea polepole. Ukishindwa, nyamaza. Usimwite Celine mama, hajafurahia kuzeeka."

Mlango ulikuwa wazi. Dishon, kichwa kikizunguka kwa maneno aliyokariri njiani, aliingia moja kwa moja, akaona kiti kizuri chenye kitambaa cha kudarizi, akaketi.

Mama Phelister, mamake Truphena, akabaki na birika la chai hewani. Celine, ambaye alikuja kama shahidi na mkoba wake mapajani, akafungua mdomo. Mzee Omolo alikuwa amesimama karibu na dirisha, mrefu, amevaa sweta lililofungwa vifungo vyote na miwani puani. Kiti kile kilikuwa chake.

"Kijana," akasema taratibu. "Nani amekukaribisha?"

"Mlango ulikuwa wazi, Mzee."

"Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Toka nje. Anza upya."

Dishon akatoka. Akasimama kizingitini, jua likimpiga shingoni, majirani wawili wakimtazama kutoka kwenye kamba ya nguo.

"Hodi!"

Ndani kijiko kikalia kikombeni.

"Hodi hapa!"

"Nani?" sauti ya Mzee Omolo ikauliza, kana kwamba hawajaonana maishani.

"Dishon."

"Dishon wa wapi?"

"Wa hapa hapa Kaloleni. Wa kwa Opicho."

"Opicho ndiye baba yako?"

Mmoja wa majirani akaangua kicheko. Dishon akanyoosha mgongo. "Hapana, Mzee. Ni Dishon Mulongo. Mwana wa marehemu Mulongo wa Webuye."

"Ahaa. Huyo sasa namsikia. Karibu."

Akaingia tena, safari hii akapewa kigoda.

Celine hakungoja chai imiminwe. "Mwalimu, mimi sina mengi. Miaka yote namwimbia Mungu, leo niko tumboni mwa shetani. Dada yangu kule Kakamega amenipigia simu: 'Celine, umeokoka au umeacha?'"

"Si shetani, Auntie," Dishon akasema.

"Ni nani?"

"Ni kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Hakina jina."

"Mnasikia? Hata jina limefichwa!"

"Celine, kunywa chai," Mama Phelister akasema. "Mandazi yanapoa."

Mzee Omolo aliinua kidole, na wote wakanyamaza. "Mimi sihukumu kitu ambacho sijakisoma. Nililipa karo ya shule ya jioni kwa mshahara wa reli ili nisihukumu vitu kwa kusikia. Lete hiyo mashine."

Dishon akaifungua kompyuta juu ya meza. Mzee akavuta kiti, akasafisha miwani yake kwa ncha ya sweta, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma somo la kwanza kanisani. Alisoma kuhusu karani na koleo na udongo mweusi. Alisoma bila haraka. Picha ya vibarua waliokataa kuendelea kuchimba ilipotokea, akakikaribia kioo.

"Nani amechora hii?"

"Mimi, Mzee."

"Huyu wa nyuma anaogopa kweli. Anaficha mikono." Akaendelea. Kisha akaguna. "Na maneno haya? 'Ukimya ulikuwa na uzito, kama mtu aliyekaa kwenye kifua chako akisahau kuwa upo.' Nani ameandika?"

"Mimi, Baba," Truphena akasema kutoka mlango wa jikoni.

Mzee alirudia ile sentensi chinichini, na Dishon akamwona Truphena akiuma mdomo kuzuia tabasamu. Macho yao yakakutana juu ya kichwa cha mzee. Yakakaa hapo muda mrefu kuliko inavyopasa mbele ya shahidi.

"Mimi naona," Celine akasema.

Wakaangalia pembeni.

Basi Mzee Omolo akafika penye mlango wa jiwe. Mngurumo ukatoka. Celine akaziba masikio. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama, kama anayetafuta nani ametoka nje ya sauti. Kisha kioo kikaandika: *Ufanye nini?* na chini yake machaguo matatu: *Fungua mlango. Vunja mlango. Kimbia.*

Mzee alitazama. Akatazama tena. Akateremsha miwani.

"Lingine liko wapi?"

"Lipi, Mzee?"

"Hodi iko wapi?"

Dishon akamtazama Truphena. Truphena akamtazama Dishon.

"Baba," Truphena akasema, "ni kitu cha kabla ya dunia. Hakijui hodi."

"Mmewahi kukipigia?"

Mzee akagonga kioo kwa kidole.

"Huyu karani amefika kwenye mlango wa mwenyewe. Mwenyewe amelala. Nyinyi mnampa karani aingie, avunje, au atoroke kama mwizi wa kuku. Halafu mnashangaa kwa nini kila mtu humu ndani anapata wazimu! Kwani nani amewalea?"

"Wewe, Baba," Truphena akasema, na hapo kicheko kikamshinda, akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo.

Lakini Mzee Omolo alikuwa ameshamgeukia Dishon, na hakucheka.

"Wewe ndiye huyu karani. Umekuja dirishani pa ukumbi, ukakuta watu wanaimba, ukachukua ukaenda. Hukupiga hodi. Mwaka mzima namwona binti yangu akiutabasamia ukuta. Nikauangalia ukuta, nikasema labda una kitu. Kumbe kuna mtu nje ya ukuta, na yeye pia hajapiga hodi. Leo umekuja kwangu, umeketi kwenye kiti changu, hukupiga hodi. Nikikupa binti yangu, kesho utachukua nini? Paa?"

Bomba la nje lilisikika likidondosha matone. Huo ndio ulikuwa wakati wenyewe, na Dishon alijua. Maneno aliyokariri yalikuwa yameyeyuka. Akasimama kutoka kwenye kigoda. Viatu vikambana, akakunja uso.

"Mzee, sijui kuongea. Truphena ndiye anayejua." Akaanza tena. "Siku ile nilipita tu. Nilikuwa nimetafuta sauti ya kitu kikubwa kuliko dunia. Nimekwaruza sufuria zote za Opicho. Nikafika dirishani nikawasikia. Miguu ikakataa kuondoka. Nikasema, hiki ndicho. Hakuna kingine kikubwa hivi." Alifuta jasho. "Ningeingia nikaomba. Nilijiambia watu kama nyinyi mtamwangalia mtu kama mimi, mtakataa, na nitaikosa. Basi nikaiba. Ndiyo, niliiba. Auntie Celine, nisamehe. Mzee, nisamehe."

Celine alishusha mkoba. "Kikubwa kuliko dunia?" akauliza polepole. "Hata soprano?"

"Hasa soprano, Auntie."

Celine akachukua andazi.

"Na mimi?" Truphena akasema. Alikuwa ameteremsha kile kitambaa, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Dishon akamgeukia. Alisahau wazee, akasahau viatu. "Wewe ndiye niliyekukosea zaidi. Uliniuliza wazi, nikakujibu kwa mafumbo. Nilidhani ukijua nimeiba utaondoka kwenye ile meza ya maktaba, na mimi nikishakaa pale na wewe siwezi tena kukaa peke yangu. Picha zangu hazina midomo, Truphena. Bila wewe hazisemi."

Mama Phelister akaweka birika chini. "Eeeh," akasema kwa heshima, kama mtu kanisani.

Truphena alivuka sebule, akaisogeza kompyuta kutoka mbele ya baba yake, akaketi mkekani na kuanza kuandika. Dishon akamwelewa kabla hajasema. Akapiga magoti upande wa pili, akafungua picha ya mlango, akazizima taa zake moja baada ya nyingine. Vichwa vyao vikakaribiana. Hawakusema ila vipande: "Toa muziki." "Wote?" "Wote. Acha kimya." "Hapa?" "Subiri kidogo zaidi." Mzee Omolo aliwatazama wakifanya kazi, na kwa mara ya kwanza mchana huo alifungua kifungo kimoja cha sweta.

"Soma sasa, Baba," Truphena akasema, akairudisha kompyuta mezani.

Kioo kikauliza tena: *Ufanye nini?* Machaguo yalikuwa manne. Mzee Omolo akanyoosha kidole chake kirefu, akabonyeza la mwisho: *Piga hodi.*

Picha ikafifia. Muziki ukafa. Mzee akasoma, sauti yake ikishuka bila yeye kujua.

"'Unasimama. Unabisha hodi. Unasubiri, kama ulivyofundishwa nyumbani. Vumbi linatulia. Mto unanyamaza. Na kutoka chini, mbali kuliko chini, kitu ambacho hakijawahi kuulizwa lolote na mtu yeyote kinajibu...'"

Akabonyeza. Kioo kizima kikawa cheusi, na katikati likaandikwa neno moja.

*Karibu.*

Jikoni, kifuniko cha sufuria kikaanguka sakafuni.

Celine alipiga yowe la soprano ambalo lilisikika hadi ukumbini. Mama Phelister, aliyekuwa akirudi nyuma kuelekea jikoni bila kutazama, ndiye aliyekigonga kile kifuniko, naye akapiga yowe la pili. Mzee Omolo aliruka pamoja na kiti chake, miwani ikamtoka, akaidaka kifuani. Akabaki amekodolea kile kioo.

"Hapo," akasema akihema. "Hapo sasa mmenitisha."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka kutoka tumboni, mtu wa besi, mpaka sweta likatikisika. Celine akacheka huku akimlaani Dishon kwa jina la ukoo. Truphena alicheka hadi machozi, akaegemea bega la Dishon kwa nukta moja kabla ya kukumbuka walipo.

"Nimesimama mlangoni nikidhani ni adabu tu," Mzee Omolo akasema akijifuta macho, "kumbe mwenyewe yuko macho! Afadhali angekuwa amelala!" Akarudisha miwani. Akakohoa kidogo. "Hiyo 'karibu'. Imeandikwa tu. Haina mtu wa kuisema?"

"Bado, Mzee."

"Inataka besi." Aliangalia dari. "Inataka besi ya mtu mzima."

"Mwalimu!" Celine akasema.

"Mimi nasema tu inavyotaka. Alhamisi mje ukumbini, nyinyi wawili. Mtaomba ruhusa mbele ya kwaya nzima. Wakikubali, tutawaimbia vizuri, si kuibiwa dirishani wakati besi wamelala. Na Celine atakohoa pale atakapotaka mwenyewe."

Dishon alitaka kumshukuru, lakini mzee alimzuia kwa kidole.

"Hodi ya wimbo umeipiga. Ya binti yangu bado. Huku kwetu, na nadhani hata kwenu Webuye, mtu haji kuposa na kompyuta. Utaniandikia barua. Kwa kalamu. Utanieleza wewe ni nani, unataka nini, na mzee gani wa kwenu atakuja kusema nami. Utaipeleka posta, ije kwenye sanduku langu."

"Mzee, si naishi hapa karibu tu? Naweza kuileta."

"Ile ya kuletwa mkononi ni kikaratasi cha fundi anayedai malipo. Barua huja kwa posta. Na isiwe na mkono wa huyu," akamwelekezea Truphena kidole. "Namna yake ya kuandika naijua, nimeilipia karo. Nikiona sentensi moja tamu kupita kiasi, Kendu Bay iko pale pale."

"Na Jumatatu?" Truphena akauliza.

"Jumatatu nitampigia shangazi yako simu. Nitamwambia kuna barua njiani."

*

Basi Jumatatu Dishon aliketi katika kibanda cha kunyolea cha Opicho, karatasi magotini, akiandika na kurarua.

"Weka maua kidogo," Opicho akashauri, akimnyoa mteja. "Andika, 'Kwako ua la moyo wangu.'"

"Ni baba yake, Opicho!"

"Hata baba anapenda kusifiwa. Andika, 'Kwako mzizi wa ua la moyo wangu.'"

Mteja akacheka, akakatwa nywele vibaya, wakaanza kugombana, na katika kelele ile Dishon akaacha kutafuta maneno ya mtu mwingine. Akaandika kama anavyochora: mstari mmoja, kisha unaofuata, bila kufuta.

*Kwa Mzee Omolo. Mimi ni Dishon, mwana wa marehemu Mulongo wa Webuye. Ninachora. Sina mengi, na hayo machache unayajua. Ninampenda Truphena na ninataka kumwoa. Nilipaswa kusema hivi mapema. Atakuja baba yangu mdogo, Mzee Sitati, aliyenilea. Nimempigia simu, ameuliza kama wewe ni mtu mkali, nikamwambia ndiyo, akasema vizuri. Tunaomba siku utakayotupatia.*

Aliisoma mara moja tu. Akaikunja, akaitia ndani ya bahasha, akaandika namba ya sanduku la posta. Alipoinua kichwa, Truphena alikuwa amesimama mlangoni, begi la shule begani, chaki kwenye vidole.

"Nisome."

"Hapana."

"Mstari mmoja."

"Umesikia alivyosema baba yako."

"Kama umekosea herufi?"

"Atajua ni yangu."

Yale macho ya Truphena yakaanza kucheka kabla ya mdomo, taratibu, kama taa inayowashwa chumba cha ndani. "Umeandika kuwa unanipenda?"

Dishon alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa dole gumba kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaibana tena asije akaifungua kwa hofu. Wakatembea pamoja hadi posta, Truphena akimchokoza njia nzima, akimuuliza kwa mafumbo, akimtishia kwamba ataivunja bahasha, akiacha kidole chake kimoja kimenasa katika kidole cha Dishon pale watu walipokuwa wengi wasiweze kuona.

Mbele ya sanduku jekundu Dishon alisita. Akaitazama bahasha, akamtazama Truphena.

"Haya," Truphena akasema kwa upole. "Iachilie."

Akaiachilia.